Mfupa wa Mgonjwa wa Figo Haupimwi kwa Uzito

Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa figo wa Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza, walianza kuvunjika mifupa ovyo. Hawakugongwa na gari wala kudondoka ngazini. Mbavu zilipasuka mtu akikohoa, nyonga ikaachia mtu akiinuka kitini. Wote walikuwa wakisafishwa damu kwa mashine, na jambo lililowakera madaktari ni kwamba wagonjwa wa miji mingine, wenye figo zilizokufa vilevile na mashine za aina hiyohiyo, hawakuumia kiasi hicho. Vitamini D, dawa iliyotegemewa siku zile, iliwapita kama maji.

Jibu lilipatikana ndani ya vipande vya mfupa. Madaktari walitoboa nyonga za wagonjwa, wakatoa vipande vidogo, wakavikata vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Mfupa ulikuwa umejengwa nusu. Nyama ya protini ilikuwa imetandazwa ikisubiri madini, na madini hayakuja. Mwaka 1978 timu iliyokuwa na daktari David Kerr ilieleza katika jarida la Lancet kwamba mkosaji yumo majini na yaelekea ni alumini. Maji ya mji yalikuwa yakitiwa shabu ili tope litulie, kama inavyofanyika hadi leo katika mitambo mingi ya maji duniani, ya kwetu ikiwamo. Mnywaji wa kawaida hadhuriki, kwa kuwa utumbo huizuia sehemu kubwa ya alumini hiyo na figo humalizia iliyopenya. Mgonjwa wa mashine hana kinga hizo mbili. Katika kikao kimoja cha saa nne, lita kama 120 za maji hupita upande wa pili wa utando mwembamba unaoyatenga na damu yake. Miaka miwili nyuma, huko Denver, Marekani, daktari Allen Alfrey alikuwa amekwisha kuitaja alumini hiyohiyo kuhusiana na wagonjwa wa mashine waliopotewa na akili.

Kisa hicho hufundishwa kama kisa cha maji, na ndiyo sababu kila chumba cha kusafishia damu leo kina mtambo wake wa kuchuja maji. Mimi nakisoma kama kisa cha mfupa. Mashine ya kupima wingi wa madini, hii tunayoiita DEXA, ingekuwapo Newcastle wakati ule, ingesema madini yamepungua na kunyamaza. Daktari angeongeza vitamini D, na mgonjwa angeendelea kuvunjika. Walichohitaji ni mtu wa kuuangalia mfupa umejengwaje.

Nalisema hili kwa sababu katika nchi zetu mazungumzo ya mifupa ya wagonjwa wa figo yameanza kusikika, na yakisikika, sentensi ya pili huwa ni ya kununua mashine mpya ya skani. Sipingi mashine. Nasema inashika nafasi ya tatu. Ya kwanza ni kuvitumia vizuri vipimo rahisi tulivyonavyo tayari, na ya pili ni maabara moja, hata kama ni moja tu kwa Afrika Mashariki nzima, inayojua kusoma kipande cha mfupa.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Mfupa ni tishu hai, kila siku kuna seli zinazoumung'unya na seli zinazofuata nyuma zikijaza. Figo zikishindwa, fosfeti ya chakula haitoki, hivyo inajikusanya. Vitamini D nayo hupata nguvu yake kamili ndani ya figo, jambo lililothibitishwa na Fraser na Kodicek kule Cambridge mwaka 1970, kwa hiyo inazorota. Kalsiamu ya damu inashuka. Tezi nne ndogo za parathairoidi, nyuma ya tezi ya shingo, zinashtuka na kumwaga homoni, na amri ya homoni hiyo kwa mfupa ni moja: toa madini. Madaktari wawili wa Beijing, Liu Shih-hao na Chu Hsien-I, ndio waliolipa gonjwa hili la mifupa jina lake la kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1940, China ikiwa vitani, na walikuwa wamekwisha kuona kwamba vitamini D ya kawaida haimsaidii mtu wa namna hii.

Hesabu ya fosfeti inafaa kuandikwa ukutani katika kila wodi. Mtu mzima anayekula kawaida huingiza miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku au zaidi, kutoka kwenye maharage, dagaa, nyama, maziwa, na soda nyeusi ambazo fosforasi yake hunyonywa karibu yote. Tuseme asilimia 60 inaingia kwenye damu, hiyo ni zaidi ya miligramu 4,000 kwa wiki. Kikao kimoja cha mashine huondoa kama miligramu 800. Vikao vitatu, ambavyo ndivyo desturi ya nchi tajiri, huondoa 2,400. Vikao viwili huondoa 1,600. Kenya, bima ya NHIF ilipokuwa ikilipia huduma hii, ililipia vikao viwili kwa wiki, na wapo wengi katika ukanda huu wanaopata kimoja, au wanaokwenda pale tu hela ikipatikana. Tofauti inabaki mwilini, na mfupa ndio unaolipa deni.

Sasa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndipo ninapoomba msomaji asiniache. Mifupa ya wagonjwa wa figo haiugui ugonjwa mmoja. Kuna mfupa unaochemka: homoni imepanda, seli za kumung'unya zinachimba mahandaki, seli za kujenga zinajaza haraka haraka na vibaya. Kuna mfupa uliolala: seli za pande zote mbili zimetoweka, hakuna anayebomoa wala anayejenga, na nyufa ndogondogo za kila siku hazizibwi na mtu. Huu wa pili huwapata hasa wenye kisukari, wazee, na waliolishwa kalsiamu na vitamini D kupita kiasi. Kuna na ule mlaini wa Newcastle. Yote mitatu huuma na yote mitatu huvunjika. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2000 ulikuta wagonjwa wa mashine wakivunjika nyonga mara nne na zaidi kuliko watu wengine wa umri wao, wanaume kwa wanawake.

Lakini tiba zake zinapingana. Mfupa unaochemka unataka homoni ishushwe, kwa vitamini D iliyo tayari, kwa dawa ya sinakalseti, au kwa kisu cha daktari wa upasuaji anayeziondoa tezi. Mfupa uliolala unataka homoni iachwe ipande kidogo, na kalsiamu ipunguzwe. Ukiubadilishia mmoja dawa ya mwenzake, umemharibia mgonjwa. Kisha zipo dawa za mifupa ya wazee, ambazo kazi yake ni kuzifunga mikono seli za kumung'unya. Kumpa mgonjwa ambaye seli hizo zimekwisha kulala ni kumzidishia usingizi. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake zito kabisa kwenye mojawapo, denosumabu, kwa sababu wagonjwa wenye figo zilizochakaa sana walikuwa wakishushwa kalsiamu ya damu hadi hatari ya kifo.

Nenda chumba chochote cha kusafishia damu usikilize. "Sista, mifupa inaniuma usiku, silali." "Pole mama, nitamwambia daktari akipita." Daktari anapita, ana wagonjwa thelathini, anaandika panadoli na vidonge vya kalsiamu. Simlaumu. Kwa taarifa alizonazo mkononi, hawezi kujua mama huyu ni wa mfupa upi.

Je, DEXA ingemwambia? Mashine hii hupitisha mionzi ya aina mbili na kutoa gramu za madini kwa sentimita ya mraba. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka: ukiwa chini ya alama hasi 2.5, mifupa yako imedhoofu. Alama hiyo hupatikana kwa kukulinganisha na kijana mwenye mifupa imara, na kijana huyo, kwa kipimo cha shingo ya paja, ni mwanamke mzungu wa Marekani wa miaka 20 hadi 29. Mzee wa Kigoma naye analinganishwa naye huyo huyo. Halafu alama hiyo ilitungwa kwa ajili ya wanawake waliokoma hedhi, na wagonjwa wetu wa figo, tofauti na wa Ulaya, wengi wana miaka thelathini na arobaini. Kibaya zaidi, figo zilizokufa huigeuza mishipa ya damu kuwa migumu kwa kalsiamu, na mshipa mkuu unapita mbele kabisa ya uti wa mgongo. Mashine haijui. Inaihesabu kalsiamu ya mshipa kuwa ni ya mfupa, na mgonjwa anarudi nyumbani na cheti cha uti imara.

Hata pasipo makosa hayo, gramu ni gramu. Dari za nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu hukaa juu ya boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani. Ukizipima uzito boriti za dari mbili, zinaweza kulingana sawasawa, huku za dari moja zimeoza kwenye ncha ndani ya ukuta. Mfupa una gamba la nje lililo gumu, lenye kama asilimia 80 ya uzito wote wa mifupa, na ndani kuna vijiti vilivyoungana pande zote. Homoni ya parathairoidi hulitoboa gamba hilo kwa vishimo na kulila kuanzia ndani, ilhali vijiti vya uti wa mgongo inaweza hata kuviongezea unene. DEXA hujumlisha vyote na kutoa namba moja.

Hapa ndipo inapoingia mashine inayotamaniwa. Ni skani ndogo, iliyobuniwa na kampuni ya Scanco Medical ya Uswisi kwa jina la XtremeCT. Mgonjwa haingii ndani mzima, anachomeka mkono au mguu tu na kutulia dakika mbili tatu. Chembe za picha yake zilikuwa na upana wa mikroni 82 kwa mashine za kwanza na 61 kwa za kizazi cha pili, sawa na unywele mwembamba. Mionzi yake haifikii ya picha moja ya kifua. Unaona vijiti kimoja kimoja, unahesabu vishimo vya gamba, kompyuta inakadiria mfupa huo ungestahimili mzigo gani. Mwaka 2010 watafiti wa Lyon, Ufaransa, waliitumia wakakuta kwamba vijiti vinaanza kuharibika mapema sana, mgonjwa akiwa bado mbali na mashine ya kusafisha damu. Mwaka 2013 Thomas Nickolas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walitoa matokeo ya wagonjwa 53 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja na nusu hivi: gamba la mfupa wa mkono lilipungua unene karibu asilimia 3 kwa mwaka na vishimo vikaongezeka, na waliokuwa na homoni nyingi walipoteza zaidi.

Kwa sayansi, ni hazina. Kwa mama asiyelala usiku, bado. Picha inaonyesha uharibifu uliokwisha kutokea; haisemi kama mfupa huo sasa hivi unachemka au umelala, na hilo ndilo swali la tiba. Mgonjwa akitikisika, picha imeharibika. Mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya sindano za mashine, haufai kupimwa kwa kuwa damu yake inakwenda tofauti. Na mashine zenyewe, duniani kote, nyingi ziko vyuoni kwa ajili ya utafiti, si hospitalini.

Wakati tunaisubiri, tuna vitu tumevisahau. Picha ya eksirei ya viganja, kwa mfano. Homoni ya parathairoidi ikizidi kwa muda mrefu, inaacha alama mahali pamoja mahususi: upande wa kidole gumba wa mifupa ya kati ya kidole cha shahada na cha kati. Ukingo ambao ungekuwa mstari safi unakuwa na nyuzinyuzi kama umetafunwa. Ni alama ya ugonjwa uliokwisha kukomaa, nakubali, lakini eksirei iko hadi wilayani na mtu anayejua kutazama hapo huiona kwa nusu dakika. Kingine ni alkalini fosfatesi. Kimo kwenye karatasi ya vipimo vya ini, kinalipiwa kila mara, na mara nyingi hakisomwi kwa ajili ya mfupa. Ini likiwa zima, kikipanda pamoja na homoni ya parathairoidi, huenda mfupa unachemka. Vyote viwili vikiwa chini, shuku usingizi. Homoni peke yake haitoshi, maana mwongozo wa kimataifa wa KDIGO unaruhusu iwe popote kati ya mara 2 na mara 9 ya ukomo wa kawaida, uwanja mpana kiasi kwamba wagonjwa wa hali zote tatu hukutana humo.

Na DEXA yenyewe si ya kutupwa. KDIGO mwaka 2009 ilishauri isipimwe kwa mazoea kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao umekwenda mbali. Mwaka 2017, baada ya tafiti mpya kuonyesha kwamba inabashiri kuvunjika hata kwao, ikageuza: pimeni, iwapo jibu litabadilisha tiba. Basi wapimwe kigasha, theluthi ya chini, mahali ambapo mfupa karibu wote ni gamba, kwa mkono usio na fistula. Kuwapima uti wa mgongo peke yake ni kujidanganya.

Yote haya yakishindwa kukubaliana, kinabaki kipande cha mfupa. Njia yake naieleza kwa kirefu kwa kuwa watu wengi huiogopa bila kuijua. Mgonjwa hupewa tetrasaiklini, antibayotiki ya siku zote, kwa siku tatu. Anapumzika kama siku kumi na mbili. Anapewa tena siku tatu, na asiimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya kalsiamu, vitaizuia isiingie. Dawa hii ina tabia moja iliyogunduliwa mwaka 1957: hung'ang'ania mahali mfupa unapojengwa siku hiyo, na hung'aa manjano chini ya mwanga wa urujuanimno. Siku chache baadaye, kwa ganzi ya sehemu, sindano nene inatoa kipande cha milimita chache juu ya nyonga, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Chini ya hadubini inaonekana mistari miwili. Umbali kati yake, ukigawanywa kwa siku, ni mwendo wa ujenzi. Mistari iliyoachana na kutapakaa kila upande ni mfupa unaochemka. Kama hakuna mstari na hakuna seli, mfupa umelala. Hakuna skani inayojibu hivyo.

Tatizo letu liko maabara. Maabara za kawaida za hospitali, kipande cha mfupa kikifika, hukiloweka kwenye asidi ili kilainike kikatike. Kwa kutafuta saratani ni sawa. Kwa mgonjwa wa figo, asidi hiyo inamwaga madini yenyewe tunayoyauliza habari zake. Inatakiwa kipande kigandishwe ndani ya plastiki ngumu na kikatwe kwa kisu maalumu pamoja na madini yake, na asomaye awe amefundwa. Habari njema ni kwamba kipande kikitiwa kwenye alkoholi ya asilimia 70 kinasafiri bila taabu. Hospitali nyingi za Marekani hazina maabara hii. Hutuma kwa vituo vichache, kikiwamo cha Chuo Kikuu cha Kentucky cha Hartmut Malluche. Maabara ikiwa Nairobi, Mwanza inaweza kutuma kwa ndege ya asubuhi.

Atakayesema haya ni ya matajiri atazame Brazil. Vanda Jorgetti na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo walijenga maabara hii wakati wagonjwa wao wakidhurika kwa alumini ileile ya Newcastle, wakafundisha madaktari wa majimbo mengine kutoboa, na tangu 2015 wana daftari la taifa la vipande vya mfupa. Hawakuanza na mashine ya Uswisi.

Sisi tunaye hata mwenyeji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipogawana vituo vya umahiri vya afya, Tanzania ilipewa moyo, Uganda saratani, na Kenya figo, ndipo ikaja Taasisi ya Figo ya Afrika Mashariki jijini Nairobi. Na haja ipo: Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na mtu aliyepandikizwa ataishi miaka mingi juu ya mifupa aliyokuja nayo kutoka kwenye mashine, na juu yake atameza steroidi. Wapelekwe watu wawili, mtaalamu wa patholojia na fundi wa maabara, São Paulo au Antwerp, warudi wafungue benchi moja. Bima za nchi zote ziingize kipimo hiki kwenye orodha zao za malipo, kwa sababu nyonga ya mgonjwa wa mashine ikivunjika ghafla, gharama ya vyuma na kitanda inakizidi mbali.

Skani ije baadaye, na ikija ikute kazi ya kufanya: kupimwa dhidi ya vipande vyetu wenyewe na dhidi ya watu wazima wenye afya wa huku, si wa Marekani. Gambia, katika kijiji cha Keneba, Ann Prentice na wenzake walionyesha zamani kwamba wanawake wanaokula kalsiamu kidogo mno kwa vigezo vya Ulaya walivunjika mifupa kwa nadra. Vigezo vya kuazima havitatufaa kwa mashine mpya kama ambavyo havitufai kwa ya zamani.

Kuhusu nani aanze kutobolewa, sioni ubishi mkubwa. Waanze waliovunjika bila kuanguka. Wafuatie wale ambao daktari anataka kuwaondoa tezi au kuwapa dawa ya kuzuia mfupa usimung'unywe, kwa maana uamuzi huo haurudi nyuma kirahisi. Wanaosubiri kupandikizwa figo wawe wa tatu, na wapewe tetrasaiklini yao ya kwanza wiki ileile wanayopimwa damu kwa ajili ya kulinganishwa na ndugu anayewachangia.